Taji, pete na nyundo: ishara za ndoa mu kitabu cha Sigrid Undset

Kiangazi kikifika, ndoa zinajaa mu kambi na mu cité, na mabishano nayo yanaanza. Kambo anasema: kama upande wa kijana haujaleta mali, hakuna ndoa hapo, hata mupige kengele za kanisa mpaka asubuhi. Muchungaji anajibu: mambo ya mababu ni ya kipagani, muyaache inje ya mulango. Shangazi anadai kitenge chake na jembe lake. Kijana mwenyewe anahesabu feza mu mufuko na kunyamaza.

Ndugu wasomaji, sisi ni watu wa mugodi, hatukusoma teolojia. Lakini tunasoma vitabu, na kuna kimoja ambacho kinagusa mabishano haya moja kwa moja, ijapokuwa kinaongea juu ya inchi ya baridi, mbali sana, karibu miaka 700 iliyopita. Ni hadithi ya mwanamuke mumoja wa Norwei, jina lake Kristin, binti ya Lavrans. Kwa Kifaransa kitabu kinaitwa Christine Lavransdatter. Ni kinene kweli, lakini mutu akishaingia hatoki haraka. Ndani yake ishara za ndoa zimechanganyikana: hii ya mababu wa zamani, hii ya kanisa, na mara nyingine huwezi kujua ipi ni ipi. Njo maana tunakileta hapa.

Mwandishi wa usiku

Sigrid Undset alizaliwa mwaka 1882 kule Kalundborg, mu inchi ya Denmark, akakulia Norwei. Baba yake, Ingvald Undset, alikuwa mutafiti wa vitu vya kale, mutu wa kuchimbua udongo ili kujua wazee waliishi namna gani. Kwa njia yake, naye alikuwa muchimbaji. Alikufa Sigrid akiwa na miaka 11, na feza ikapungua mu nyumba. Binti alipofikisha miaka 16 akaingia kazi ya ofisi mu kampuni ya mambo ya umeme, mu muji wa Kristiania ambao leo unaitwa Oslo. Akakaa mule miaka 10. Muchana barua za wakubwa, usiku vitabu vyake. Wenye kufanya zamu ya usiku na kurudi kulima shamba asubuhi wataelewa vizuri huyu mama ni mutu wa namna gani.

Hadithi ya Kristin aliitoa mu vitabu vitatu: 1920 Shada, 1921 Mama wa nyumba, 1922 Musalaba. Mwaka 1928 akapata tuzo ya Nobel. Alipoandika hivi vitabu hakuwa bado Mukatoliki. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1924. Lakini tangu utoto alikuwa anajua hadithi za wazee wa Norwei na Iceland, na alijua pia sheria na desturi zao. Kwa hiyo anapoandika juu ya ndoa ya karne ya 14, habuni paka maneno mazuri. Anajua nani anashika mukono wa nani, na juu ya nini.

Mashada mawili

Mu mwanzo wa hadithi, Kristin ni mutoto mudogo. Anaenda na baba yake mulimani. Watu wazima wamelala mchana, yeye anajitenga na kufika kando ya maji. Pale anaona ng'ambo mwanamuke mweupe mwenye nywele ndefu, anamunyooshea shada la maua ya dhahabu na kumuita kwa mukono. Mutoto anakimbia kwa woga. Wazee wanajua ni nani: ni mwanamuke wa wale wa chini ya mulima, roho ambazo watu wa Norwei walikuwa wakiziogopa kabla ya ukristo, na waliendelea kuziogopa hata kisha kubatizwa. Baba yake, mukristo wa kweli, anamufunga shingoni musalaba wake.

Tuangalie vizuri. Shada la kwanza ambalo Kristin anaonyeshwa mu maisha yake linatoka kwa roho za mulima. Shada la pili ni lile ambalo mabinti wa familia kubwa walikuwa wakivaa juu ya nywele zilizoachiliwa, alama ya kwamba ni bikira. Na siku ya arusi, bibi arusi anavalishwa taji na kupelekwa kanisani. Ni kitu kile kile cha muviringo juu ya kichwa: upande mumoja mulima na mambo ya zamani, upande wa pili altare.

Baba yake amekwisha kumuposea kijana mwema, Simon Darre, wazazi wamepatana mbele ya mashahidi. Lakini Kristin anakutana na Erlend, bwana mwenye sura nzuri na historia mbaya, ambaye ameishi na muke wa mutu na kuzaa naye watoto wawili, mpaka kanisa likamutenga. Wanapendana kwa siri. Wanapeana ahadi kwa siri. Wanalala pamoja. Kisha miaka ya kugombana na baba, Lavrans anachoka, anakubali. Arusi inapangwa, wageni wanaitwa, pombe inapikwa.

Na siku ile Kristin anavaa taji la dhahabu, nywele zimeachiliwa mabegani sawa bikira. Chini ya nguo amebeba mimba ambayo baba yake hajui. Watu wote wanasifu uzuri wake. Yeye peke yake anajua kwamba taji linasema uongo.

Taji lilitoka wapi?

Hapa wasomaji wengi watafikiri: taji ni la kikristo, lilitiwa haya juu ya zambi. Lakini historia ya taji inashangaza.

Kabla ya ukristo, Waroma na Wagiriki walikuwa wakivaa mashada siku ya ndoa, na mashada yalikuwa pia ya miungu yao. Karibu mwaka 211, mwandishi mukristo mumoja, Tertuliano, mutu wa Afrika, wa muji wa Carthage kule Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima cha kupinga mashada. Kwake yeye mukristo hapaswi kuvaa shada, hata la arusi, juu linanuka ibada ya sanamu. Maneno yake yanafanana sana na yale tunayosikia leo juu ya desturi za mababu.

Miaka karibu 200 ikapita. Askofu Yohane Krisostomo, muhubiri mukubwa wa Konstantinopoli, anawaona wakristo wanaoana na mataji vichwani. Hapigi kelele. Anawafafanulia: taji ni alama ya ushindi, ya kwamba huyu kijana na huyu binti hawakushindwa na tamaa. Halafu anaongeza swali kali: kama mutu alishindwa na tamaa, anavalia nini taji? Ona sasa. Kitu ni kile kile, lakini maana imegeuka. Maua ya miungu yamekuwa sifa ya moyo safi. Na mu kitabu cha Undset, swali la Krisostomo njo lile linalomutafuna Kristin chini ya taji lake.

Mwaka 866, Wabulgaria waliokuwa wamebatizwa karibuni walimuandikia Papa Nikolasi wa Kwanza kumuuliza mambo mengi, pamoja na ndoa. Papa aliwaeleza desturi za Roma: uchumba, pete, mali, baraka kanisani, utaji juu ya vichwa, na mataji ambayo maarusi wanatoka nayo kanisani na ambayo yanatunzwa mule kanisani. Lakini alisema pia neno ambalo tungependa liandikwe ku mulango wa kila kamati ya ndoa: kama hivi vyote vinakosa haiko zambi, juu kuna watu ambao umaskini unawabana. Kinachofanya ndoa ni kukubaliana kwa wale wawili. Kukubaliana kukikosa, sherehe yote ni bure.

Hata pete ni hivyo hivyo. Waroma wapagani njo walikuwa wakimutumia muchumba pete, na mu karne ya kwanza ilikuwa bado pete ya chuma, bila jiwe. Kushikana mikono ya kuume tunaona kumechongwa ku makaburi ya Waroma. Wakristo waliokota hivi vyote njiani, wakavibariki, wakaendelea na safari. Kwa hiyo yule anayesema «mimi nataka paka pete na utaji, sitaki mambo ya wapagani», anashika mukononi vitu vya wapagani wa Roma. Wapagani wa mbali wanasahauliwa haraka kuliko wapagani wa kwetu.

Nyundo na musalaba

Norwei yenyewe iliingia ukristo kwa shida. Mufalme Olav Haraldsson alikufa vitani Stiklestad mwaka 1030, akawa mutakatifu wa inchi. Lakini kabla yake kulikuwa na mufalme Håkon, mu karne ya 10, aliyebatizwa Uingereza na kurudi kutawala watu wa mungu Thor na mungu Odin. Snorri, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anasimulia kwamba mu karamu moja walimupa Håkon pembe ya pombe iliyotolewa kwa Odin. Mufalme akafanya alama ya musalaba juu ya pembe. Watu wakanungunika. Sigurd, mukubwa wa inchi aliyekuwa rafiki yake, akawatuliza: mufalme anafanya sawa wote wanaoamini nguvu zao, amechora alama ya nyundo ya Thor. Musalaba mudogo na nyundo, kwa mukono unaopita hewani, vinafanana. Kila mutu aliona alichotaka kuona, karamu ikaendelea.

Wale wenzetu wa mu fonderi watapenda habari hii ingine. Mu jumba la makumbusho la taifa la Denmark kuna kalibu moja ya jiwe la karne ya 10, iliyopatikana Trendgården. Mu jiwe hilo hilo fundi alichonga nafasi za kumiminia misalaba na nafasi ya kumiminia nyundo ya Thor. Muteja wa kikristo akija anapata musalaba, muteja wa Thor akija anapata nyundo. Moto ni mumoja, feza ya kuyeyushwa ni moja, fundi ni mumoja.

Na nyundo ya Thor ilikuwa na kazi mu ndoa. Kuna wimbo wa zamani wa Iceland, Þrymskviða, ulioandikwa mu kitabu cha ngozi na wakristo wa karne ya 13, mu wakati ambapo Thor hakuabudiwa tena. Jitu moja limeiba nyundo na linadai limuoe mungu mwanamuke Freyja. Thor anavaa sawa bibi arusi, na utaji, na funguo za nyumba zinalia kiunoni. Jitu linaagiza nyundo iletwe iwekwe mapajani mwa bibi arusi ili kubariki ndoa. Thor anaikamata, na jitu linajua siku hiyo limeoa nani. Wakristo walicheka na hadithi, lakini wakaitunza. Kwa njia hiyo tunajua kwamba baraka ya ndoa ilikuwako kabla ya padri, na kwamba funguo kiunoni zilikuwa alama ya mama wa nyumba.

Sisi wa Katanga tuko na habari ya kuongeza hapa. Musalaba wa shaba, ule ambao kila mutoto wa hapa anaujua, mababu zetu waliumimina mu kalibu zaidi ya miaka mia nne kabla ya padri wa kwanza kufika huku. Mu makaburi ya Sanga, kando ya maziwa ya Upemba, misalaba ya shaba imelazwa pamoja na wafu wa zamani, hata wa karne za Kristin. Ilikuwa feza, na ilitolewa pia kama mali ya kuoa. Kwa macho, ni musalaba. Kwa maana, ulisema: huyu binti ametolewa kwa heshima, familia mbili zimefungana. Mumisionari mugeni akiuona mara ya kwanza angeweza kupiga magoti bure.

Kitanda, funguo na mali ya maskini

Turudi Norwei. Mu sheria za zamani za huko, ndoa ilikuwa mapatano ya familia mbili. Bwana arusi alitoa mali, ambayo waliiita mundr. Zamani ilienda kwa baba wa binti. Baadaye ikawa mali ya muke mwenyewe. Sheria ya Gulating, upande wa magharibi wa Norwei, iliweka kipimo cha chini, aurar 12 za feza, na kipimo hicho kilikuwa na jina: mali ya maskini. Chini ya hapo, watoto hawakuhesabiwa kuwa warithi halali. Lakini tuone pia upande wa pili: wazee walijua kwamba kuna kijana ambaye hana kitu, na sheria ikamufungulia mulango wa kupita na kichwa juu.

Mu Iceland, sheria iliomba mashahidi sita mu arusi, na kwamba bwana arusi aingie wazi wazi mu kitanda kimoja na muke wake. Wazi wazi, njo neno kubwa. Hakuna mutu angeweza kusema kesho: sikumujua huyu mwanamuke. Kanisa lilipofika halikufukuza watu chumbani. Mu inchi nyingi za Ulaya, padri alikuja kubariki kitanda kwa maji ya baraka. Na mu hadithi ya Undset tunaona bibi arusi anapelekwa orofani kwenye kitanda cha arusi na watu wote wakijua. Kisha hapo anaacha nywele za ubinti na kufunga kitambaa cha mwanamuke aliyeolewa.

Kwa wasomaji wa leo, inaweza kuchekesha au kutia haya. Lakini tuulize kila ishara ilikuwa na kazi gani. Mali ilisema: huyu muke hakuokotwa njiani. Mashahidi walisema: hamuwezi kumukana. Funguo zilisema: hii ghala ni yake, hata mama mukwe ataomba ruhusa. Kila ishara ilikuwa sawa karatasi, mu watu ambao wengi wao hawakujua kusoma karatasi.

Kanisa nalo liliongeza lake. Mapapa wa karne ya 12, zaidi Aleksanda wa Tatu, walishikilia kwamba ndoa ni ridhaa ya bwana na muke, hata kama baba hataki. Ilikuwa mapinduzi makubwa, na ilimupa binti sauti. Lakini ilileta shida mupya: watu wawili wakiahidiana kichakani bila shahidi, nani atajua? Kwa hiyo mutaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukaagiza ndoa itangazwe kwanza kanisani, na mutaguso wa Trento, mwaka 1563, ukadai padri na mashahidi. Mwishoni kanisa lilifika pale wazee wa Iceland walikuwa: ndoa iwe wazi wazi.

Kristin na Erlend wako katikati ya hizi sheria mbili. Ile ya kanisa inawaambia ahadi yenu ina uzito. Ile ya familia inawaambia hakuna ahadi bila baba. Wao wanachukua kutoka kila upande paka kile kinachowafaa, na njo pale wanaumia.

Uongo wa taji

Usiku wa arusi, Lavrans anagundua. Anaelewa kwamba binti yake alikuwa muke wa Erlend kabla ya taji. Na usiku ule ule, muke wake Ragnfrid anamufungulia moyo: hata yeye, kabla ya ndoa yao, alikuwa na mutu mwingine. Miaka yote hiyo, Lavrans aliishi pembeni ya siri. Kuna arusi inje, pombe na kelele, na mu chumba kimoja wazee wawili wanakaa na ukweli wao. Hatujasoma kurasa nyingi zenye uzito sawa zile.

Mu kitabu cha pili, Kristin amezaa. Mutoto ni muzima, na yeye hawezi kubeba tena uongo. Anatembea miguu wazi, mutoto mukononi, mpaka Nidaros, muji unaoitwa leo Trondheim, kwenye kaburi la Mutakatifu Olav. Anaacha pale shada la dhahabu alilolivaa bila haki. Tumeona kwamba Wakristo wa Roma walikuwa wakitunza mataji ya maarusi kanisani. Hili nalo linaishia kanisani, lakini kwa njia ya toba.

Hapa njo tunafika ku neno letu. Mu kurasa zote hizi, hakuna mutu anayeumizwa juu taji lilitoka kwa wapagani. Undset hajali hata kidogo kama ishara imezaliwa Roma, mulimani kwa roho, au kanisani. Kinachoharibu nyumba ya Kristin ni kuvaa ishara ambayo haisemi kweli. Kitu cha mababu kikisema kweli, kinabariki. Kitu cha kanisa kikisema uongo, kinalemea kichwa.

Pete

Kitabu cha tatu kinamalizika mwaka 1349, tauni kubwa inapofika Norwei. Kristin ni mujane, watoto wake wamekua, amejiunga na masista wa Rein. Watu wanakufa kila nyumba. Woga unarudisha mambo ya zamani sana: usiku mumoja, wanaume wanataka kumuzika mutoto maskini akiwa muzima, zabihu ya kutuliza tauni. Ni wabatizwa wote. Kristin anasimama mbele yao, anamuokoa mutoto. Na mama ya yule mutoto, Steinunn, amelala mufu mu kibanda, hakuna anayethubutu kumugusa. Kristin anaenda kumuchukua ili azikwe kikristo.

Tauni inamushika. Karibu ya kufa, anatoa pete yake ya ndoa ilipe misa za yule mwanamuke maskini. Pete ilikuwa na herufi M, ya Bikira Maria. Anapoitoa, anaona ku kidole chake alama ya M imebaki mu nyama. Ndoa yake ilianza na uongo wa dhahabu. Sasa dhahabu imeenda, na alama imebaki mu mwili, ya kweli.

Na musomaji aone: Undset anatuonyesha pia kwamba haiko kila kitu cha zamani kinastahili kutunzwa. Shada lilibarikiwa, pete ilibarikiwa, pombe ilibarikiwa. Kuzika mutoto akiwa muzima hakubarikiwi na mutu yeyote. Kipimo ni kimoja tu: hii desturi inalinda mutu ao inamuponda?

Sisi mu ndoa zetu

Kwa hiyo, wababa na wamama, mukikaa kwenye mukeka kuongea ndoa ya watoto, musipoteze usiku muzima kuuliza hii ni ya kipagani ao ya kikristo. Hata ndoa za Wazungu, ambazo wamisionari walituletea kama kitu kisafi, zilikuwa muchanganyiko wa Roma, wa Thor na wa Maria. Muulize maswali mengine. Mali inayotolewa inasema kwamba binti anaheshimiwa, ao inasema kwamba anauzwa na deni litamufuata kijana mpaka mugodini? Pete inasema ukweli, ao kuna muke mwingine mu muji mwingine? Binti mwenyewe amesema ndiyo kwa kinywa chake?

Na musisahau ishara moja ambayo haimetimeti hata kidogo: karatasi ya komini. Code de la famille ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua ndoa iliyofungwa mu familia kwa desturi, lakini inaomba iandikishwe ku état civil. Tumeona wajane wa wachimbaji, wanawake waliotolewa kwa heshima yote, mbuzi, vitenge, na kwaya ikaimba, wakisimama mbele ya dirisha na kuulizwa: karatasi iko wapi? Mashahidi wa ile siku wamekwisha kufa ao wamehama. Wazee wa Iceland walitaka watu sita na mwangaza. Leo mwangaza wetu ni ule muhuri.

Mali, pete na muhuri vinaweza kukaa mu nyumba moja bila kugombana, sawa musalaba na nyundo mu kalibu ya yule fundi. Fundi hakuulizwa imani yake. Aliulizwa paka kama chuma chake ni safi.